Nimetoa toleo jipya, roboti ya F-Droid hailioni: tagi ziwekwe vipi?

fundi_ifakara

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada.

Nina programu ndogo ya Android ya kutunza hesabu za VICOBA, nimeiandika kwa Flutter. Inaweka hisa, mikopo, marejesho na faini, na haihitaji intaneti kabisa, maana vikundi vingi ninavyovihudumia hukutana sehemu ambazo mtandao ni wa kubahatisha. Msimbo uko wazi GitHub, na programu yenyewe iko F-Droid, lile duka la programu huria za Android, kwa toleo 1.2.0. Makatibu na waweka hazina wa vikundi wanaichukua huko.

Tangu hapo nimetoa 1.3 na 1.4. Hii 1.4 ni ya muhimu: inarekebisha hesabu ya riba kwa mkopo unaolipwa katikati ya mwezi. Kule GitHub nimeandika ukurasa wa toleo, nimeeleza mabadiliko, nimepakia na APK (faili la kusakinisha programu). Lakini F-Droid bado ni 1.2.0, wala sioni ujumbe wowote wa kosa. Maelekezo ya programu yangu kule fdroiddata (hifadhi ya maelekezo ya kujenga ya F-Droid) yana mistari hii:

```
AutoUpdateMode: Version
UpdateCheckMode: Tags ^v[0-9.]+$
UpdateCheckData: pubspec.yaml|version:\s.+\+(\d+)|.|version:\s(.+)\+
```

Ninachotaka kuelewa ni hiki: roboti inajuaje kwamba nimetoa toleo? Inasoma wapi? Kuna mwanakikundi amelipa mkopo wake mapema na programu bado inamdai riba ya mwezi mzima, kwa hiyo nataka jambo hili liishe vizuri, nisije nikakwama tena kwenye 1.5.

---

kijana_wa_seva

Mkuu, tagi za Git, yale majina ya kutambulisha matoleo, umezisukuma kwenda GitHub? `git push` peke yake haipeleki tagi, inapeleka tawi tu. Piga `git push --tags` halafu subiri.

---

mwanatanga

Ndugu fundi, subiri kidogo kabla ya hiyo `--tags`. Inasukuma kila tagi iliyo kwenye kompyuta yako, hata zile ulizojiwekea za majaribio, na tagi ikishatoka nje kuirudisha ni kazi ngumu.

Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kuandika maelekezo ya programu za F-Droid, na jambo hili nakutana nalo mara kwa mara. Nikueleze mwendo wa roboti, kisha utaona mwenyewe ilipokwama.

F-Droid, tangu ilipoanza mwaka 2010, kwa kawaida haichukui APK yako. Inachukua msimbo, inaujenga kwenye mitambo yake, ndipo inaweka saini. Ule ukurasa wa toleo uliouandika kule GitHub unawafaa wasomaji, lakini kwa mistari uliyoonyesha hapo juu roboti haiugusi. Inachosoma ni tagi za Git.

Kuna kazi inayoitwa checkupdates inayopitia maelekezo ya programu moja baada ya nyingine. Ikifika kwako inavuta repo (hifadhi ya msimbo wako), inaorodhesha tagi, inazipitisha kwenye ruwaza yako `^v[0-9.]+$`. Maana yake: herufi v ndogo, halafu tarakimu na nukta, basi, mpaka mwisho wa jina. Tagi isiyolingana inawekwa kando bila neno. Kwa kila inayobaki, roboti inaurudisha msimbo kama ulivyokuwa kwenye tagi hiyo, inafungua pubspec.yaml na kusoma mstari wa version. Kilicho baada ya alama ya kujumlisha ni versionCode, namba ambayo mashine inaitegemea. Kilicho kabla yake ni jina la toleo analoliona mtumiaji. Mwisho inalinganisha namba. Ikipata iliyo kubwa kuliko ya sasa, inaongeza ujenzi mpya kwenye maelekezo yako. Isipoipata, kwake hakuna jambo jipya lililotokea. Ndiyo sababu huoni kosa: kwa upande wake hakuna kosa.

Kwa hiyo kuna sehemu tatu za kuangalia. Tagi imefika GitHub? Jina lake linalingana na ruwaza? Na ndani ya tagi hiyo hiyo, namba kwenye faili imepanda? Tuwekee hapa majibu ya amri hizi mbili:

```
git ls-remote --tags origin
git show v1.4.0:pubspec.yaml | grep version
```

Na tuambie APK unaijenga kwa amri gani.

---

fundi_ifakara

Asante sana dada. Ya kwanza inatoa hivi (nimeondoa zile namba ndefu za kushoto):

```
refs/tags/1.3-final
refs/tags/toleo-1.4
refs/tags/v1.0.0
refs/tags/v1.0.0^{}
refs/tags/v1.1.0
refs/tags/v1.1.0^{}
refs/tags/v1.2.0
refs/tags/v1.2.0^{}
```

v1.4.0 ninayo kwenye kompyuta, nikipiga `git tag` naiona, lakini huko haipo, ingawa nilisukuma kwa `--follow-tags`. Ya pili inatoa `version: 1.2.0+12`. APK naijenga hivi:

```
flutter build apk --build-name=1.4.0 --build-number=14
```

---

mwanatanga

Basi majibu yote yako humo, na sehemu zote tatu zina jambo.

Nianze na majina. `1.3-final` na `toleo-1.4` mimi nikiyasoma najua ulikusudia nini, lakini ruwaza haina namna ya kukisia. Sisemi kwamba v ndogo na nukta ndiyo njia pekee. Mradi wa curl unaandika tagi kama `curl-8_5_0`, na PostgreSQL wanaandika `REL_16_1`. Miradi yote miwili ni ya zamani, ilianzia kwenye CVS, mfumo wa kutunza msimbo wa kabla ya Git, na CVS haikuruhusu nukta ndani ya tagi. Walihamia Git wakaendelea na desturi ya kutotumia nukta, na hakuna mtambo unaopotea, kwa sababu jina la leo limeandikwa kwa mtindo unaotabirika. Anayetunza maelekezo ya kujenga anaandika ruwaza mara moja, basi. Kinachotutesa sisi ni mradi wenye desturi tatu ndani ya mwaka mmoja. Wewe ulishaanza vizuri na v1.0.0, kwa hiyo rudi hapo hapo na usihame.

Sasa angalia zile alama `^{}`. Zipo kwenye v1.0.0, v1.1.0 na v1.2.0, hazipo kwenye hizo mbili za juu. Zikionekana, maana yake tagi ni kamili: Git imeitengenezea kumbukumbu yake yenyewe, yenye jina la aliyeiweka, tarehe na ujumbe. Hizo huwekwa kwa `git tag -a`. Ukiandika `git tag v1.4.0` bila `-a` unapata tagi nyepesi, ambayo ni jina tu linaloelekeza kwenye komiti (badiliko moja la msimbo lililohifadhiwa). Na `--follow-tags` hubeba tagi kamili peke yake, nyepesi inaziacha. Ndiyo maana v1.4.0 imebaki nyumbani. Hata `git describe`, isipoambiwa vinginevyo, haizihesabu tagi nyepesi, na kuna mitambo mingi inayoitegemea amri hiyo kupata namba ya toleo.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, na naomba kila anayetumia Flutter hapa alisome. `--build-name` na `--build-number` ni maneno uliyoyaandika kwenye dirisha la amri. Yameingia ndani ya APK yako, lakini kwenye repo hayakuacha alama yoyote. Pubspec imebaki na 1.2.0+12. Hata kama ungeweka v1.4.0 kwa usahihi wote na kuisukuma, roboti ingefungua faili, ingekuta 12, ingeona ni ile ile iliyonayo, ingefunga. Mtu mwingine yeyote akichukua msimbo wa tagi ile na kuujenga mwenyewe atapata programu inayojitambulisha kuwa 1.2.0.

Namba lazima iandikwe kwenye faili kama namba. Wanaotumia Gradle, zana ya kujenga programu za Android, moja kwa moja nao wasikilize: wapo wanaopiga hesabu ya versionCode kutokana na idadi ya komiti au tarehe ya siku hiyo. Anayesoma faili kutafuta toleo haendeshi hesabu zako, anasoma maandishi. Andika `versionCode 15`, kwa tarakimu.

Sasa cha kufanya. Toa 1.4.1, wala usirudie 1.4.0, kwa sababu iko APK mikononi mwa watu inayoitwa 1.4.0 yenye namba 14, na imejengwa kutoka kwenye msimbo wenye pubspec tofauti. Vitu viwili visiitwe jina moja. Kwenye pubspec andika `version: 1.4.1+15`, weka komiti, kisha:

```
git tag -a v1.4.1 -m "Toleo 1.4.1: riba ya mkopo unaolipwa katikati ya mwezi"
git push origin main v1.4.1
```

Mstari wa mwisho unapeleka tawi na tagi moja unayoitaka, hakuna kingine. Kabla ya kusukuma rudia `git show v1.4.1:pubspec.yaml` uione 15 kwa macho yako. Mpangilio huu nausisitiza: faili kwanza, komiti, ndipo tagi. Nimepokea repo nyingi ambazo tagi imetangulia na namba ikabadilishwa kwenye komiti inayofuata. Tagi za namna hiyo zinaonekana sawa kabisa kwa nje, na kila moja inabeba namba ya toleo lililopita.

Ukipenda, ongeza na faili `fastlane/metadata/android/sw/changelogs/15.txt`. Jina la faili ni ile versionCode. Andika humo kwa Kiswahili, isizidi herufi 500, na F-Droid itayaonyesha maneno hayo kwa mtu kabla hajasasisha. Katibu wa kikundi akisoma "tumerekebisha riba ya anayelipa mapema" atajua kwa nini atumie bando lake.

Na neno moja kwa wale uliowatumia APK moja kwa moja: hiyo ina saini yako, ya F-Droid ina saini yao. Android haitakubali moja ikae juu ya nyingine. Hakikisha wanahamisha kumbukumbu zao kwanza, kabla ya kuondoa ya zamani.

---

kijana_wa_seva

Dada mwanatanga nimekuelewa, lakini nina swali. Kwa nini asiihamishe tu tagi? Arekebishe pubspec, halafu `git tag -f` na kusukuma kwa nguvu. Jina linabaki lile lile, toleo-1.4 anaifuta. Kuna timu nyingi zinafanya hivyo.

---

mwanatanga

v1.4.0 haijatoka nje ya kompyuta yake, kwa hiyo ile akiifuta hakuna anayeumia. Tagi iliyokwisha kusukumwa ni habari nyingine, na hapo siwezi kukubaliana nawe.

Git haiwaambii waliokwisha kuvuta kwamba umeihamisha. Wewe una v1.4.0 moja, mimi nina nyingine, na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo. Mwongozo wa Git wenyewe una sehemu nzima juu ya hili, na ushauri wake ni kukiri kosa na kutoa jina jipya. Huyu ndugu anaandika programu ya VICOBA, kwa hiyo anajua: ukurasa wa daftari ukishasomwa kwenye kikao na kusainiwa haufutwi, unaandika marekebisho kwenye mstari mpya. Namba za matoleo hazilipiwi. 1.4.2 ipo, 1.4.3 ipo.

Na mitambo ina kumbukumbu. Kwenye lugha ya Go, mara moduli inapovutwa kwa toleo fulani kupitia mfumo wao wa kawaida, alama yake ya uhakiki inaandikwa sum.golang.org. Ukihamisha tagi baadaye, anayeivuta anakuta alama hazilingani na ujenzi unakataa. Mwezi Januari 2023 GitHub walibadilisha namna ya kubana mafurushi ya tar yanayotengenezwa kutokana na tagi. Msimbo ndani yake ulikuwa ule ule, ila baiti za furushi zilibadilika, na ujenzi ukaanguka kwa watu wengi, wakiwemo watumiaji wa Bazel, zana ya kujenga programu, kwa sababu walikuwa wamehifadhi sha256 (alama ya uhakiki) ya furushi la zamani. GitHub walirudisha utaratibu wa awali upesi. Kama kubana tu kunaleta hayo, fikiria kubadilisha msimbo wenyewe.

Halafu kuna usalama. Machi 2025 mtu aliingia kwenye mradi wa tj-actions/changed-files, nyongeza ya mitambo ya ujenzi ya GitHub, unaotumiwa na repo zaidi ya 23,000, akazihamisha tagi za matoleo ya zamani zielekee kwenye komiti moja ovu iliyomwaga siri kwenye kumbukumbu za ujenzi. Waliokuwa wameandika jina la tagi walivuta ubaya huo bila kubadilisha herufi moja upande wao. Waliokuwa wameandika namba ndefu ya komiti walibaki salama. Mradi ambao una mazoea ya kuhamisha tagi unawafundisha watumiaji wake wasishtuke tagi inapohama, na hilo ndilo linanitia hofu.

Fundi, `1.3-final` na `toleo-1.4` ziache zilivyo. Ruwaza haizioni, hazimsumbui mtu.

---

pwani_msimbo

Niongeze kutoka Mombasa, maana mimi hujenga kwa GitHub Actions (mitambo ya GitHub ya kujenga msimbo yenyewe) na kuna mambo mawili humkamata kila mgeni.

La kwanza, `actions/checkout` kwa kawaida huvuta komiti moja tu, bila historia na bila tagi nyingine. Kama hatua zako zinaita `git describe`, zitashindwa au zitakupa jibu la ajabu. Weka `fetch-depth: 0`. La pili, ukisukuma tagi zaidi ya tatu kwa pamoja, GitHub haianzishi kazi kwa tagi hizo hata moja. Hii ni sababu nyingine ya kumsikiliza dada hapo juu kuhusu `--tags`.

Halafu ndugu, weka mlinzi. Kazi inayoanzishwa na tagi za `v*` iwe na mstari huu mwanzoni kabisa:

```
test "v$(grep '^version:' pubspec.yaml | cut -d' ' -f2 | cut -d+ -f1)" = "$GITHUB_REF_NAME"
```

Jina la tagi na jina lililo kwenye pubspec yasipolingana, kazi inasimama hapo hapo na unapata barua pepe.

Jambo jingine ni kupanga. Ukifika 1.10, usishangae orodha ya kawaida ya `git tag` ikiiweka juu ya 1.9, kwa sababu inapanga kwa herufi. Tumia `git tag --sort=-v:refname`. Na usiandike 1.10 leo na 1.10.0 kesho. Sehemu tatu, siku zote.

---

fundi_ifakara

Wakuu, Mungu awabariki. Nimefanya kama dada alivyoelekeza: pubspec ni 1.4.1+15, tagi ni kamili, na `git ls-remote` sasa inaonyesha v1.4.1 pamoja na `^{}` yake. Mstari wa pwani_msimbo nimeuweka pia, nikaujaribu kwenye repo ya pembeni kwa tagi isiyolingana, ukasimamisha kazi kama ulivyosema. Faili la mabadiliko nimeliandika kwa Kiswahili.

Swali la mwisho. Kuna kikundi kimoja kimekubali kunijaribia 1.5 kabla sijaitoa kwa wote. Nataka kuweka tagi ya majaribio ili mtambo wangu uwajengee APK, lakini F-Droid isiiguse. Inawezekana?

---

mwanatanga

Inawezekana, na ruwaza uliyonayo inatosha. Ita tagi `v1.5.0-beta.1`. Ina kistari na herufi, kwa hiyo `^v[0-9.]+$` haiikubali na F-Droid itaipita. Mtambo wako unaosikiliza `v*` utaiona na kujenga. Kwenye pubspec andika `1.5.0-beta.1+16`; ule mstari wa pwani_msimbo utalingana bila kuuhariri. Kwa kanuni za Semantic Versioning, beta yenye kistari huhesabiwa kuwa chini ya 1.5.0 yenyewe, kwa hiyo mpangilio uko sawa. Debian (mfumo wa Linux) wao wanapanga kinyume, kistari hakishushi, ndiyo maana watunzaji wao huandika 1.5.0~beta1. Hilo watalishughulikia wenyewe mradi jina lako halibadiliki mtindo.

Cha kuangalia ni versionCode. Beta ya kwanza 16, ya pili 17, na toleo lenyewe lipewe namba mpya ya juu kuliko beta zote. Usitumie tena 16 kwa 1.5.0: simu za hao wanaokujaribia tayari zitakuwa na 16, na APK mpya unayowapa wewe wataiona kama ile ile waliyonayo. Namba hiyo inaweza kupanda hadi 2100000000 kwa mujibu wa Google Play, kwa hiyo usiibanie.

Roboti ikishaiona v1.4.1, ujenzi na saini huchukua siku kadhaa. Ikipita wiki mbili bila mabadiliko, weka hapa jina la kifurushi chako nitaangalia kumbukumbu za ujenzi.